Chalatenango Bila Makopo ya Rangi

Sharti la kwanza lilihusu masanduku. Barua kutoka kwa wenyeji wetu wa El Salvador ilisema wazi: msibebe nguo za mitumba, msibebe mipira, msibebe pipi za kugawia watoto, na tafadhali sana msibebe rangi wala brashi. Kila mwanafunzi aje na nguo zake, viatu vya kukanyagia tope, daftari na kalamu. Wazazi hawakufurahi. Kwenye kikao cha maandalizi, katika ukumbi wa shule yetu ya Kikatoliki jijini Cleveland, jimbo la Ohio, baba mmoja alisimama akauliza: hawa watoto wamechangiwa fedha zote hizi za nauli, halafu waingie nyumba za maskini mikono mitupu?

Swali lake halikuwa la kipuuzi. Mimi ni mzaliwa wa Musoma, na kwetu mtu haendi ugenini bila kifurushi, hata kama ni kilo moja ya sukari. Nilikaa kimya nikingoja jibu la mratibu wa safari. Alisema tu kwamba masharti wameyaandika wenyeji, na asiyeyapenda hajalazimishwa kupanda ndege. Kikao kikaisha.

Nafundisha hisabati, na Kihispania changu kinaishia kwenye salamu. Niliteuliwa kuwa mmoja wa walezi wa msafara kwa sababu, kama alivyosema mwalimu mkuu kwa nia njema kabisa, "wewe mazingira yale unayajua." Nilicheka kimoyomoyo. Toka Ziwa Viktoria hadi milima ya Chalatenango kuna nusu ya Afrika na Atlantiki nzima katikati. Lakini nilikubali, na sababu yangu sikumwambia.

Sababu ilikuwa Maryknoll. Jimbo Katoliki la Cleveland limekuwa likipeleka mapadre, masista na walei El Salvador tangu 1964. Tarehe 2 Desemba 1980 wanawake wanne wa Kanisa, wote Wamarekani, walikamatwa na askari wa Walinzi wa Taifa walipokuwa wakitoka uwanja wa ndege. Wakanajisiwa, wakauawa, wakafukiwa shimo moja. Wawili walikuwa wa kundi la Cleveland: Sista Dorothy Kazel, Mwursula aliyewahi kufundisha sekondari hapa hapa mjini, na Jean Donovan, mlei wa miaka 27. Wawili wengine, Ita Ford na Maura Clarke, walikuwa masista wa Maryknoll. Na mtu wa Mara haelezwi Maryknoll ni nani. Mapadre wao walifika Musoma 1946. Shule yao ya lugha pale Makoko imewafundisha Kiswahili wamisionari wa kila taifa, na utotoni nilikuwa nikiwaona mwaloni wakibishania bei ya sato kwa lafudhi za ajabu. Niliwajua kama watu wa mashule, zahanati na pikipiki. Kwamba shirika hilohilo lina makaburi ya namna ile upande wa pili wa dunia, nimekuja kulijua nikiwa mtu mzima, Marekani.

Kabla ya kuondoka tulisoma. Ripoti ya Tume ya Ukweli ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa Machi 1993, si kitabu cha kumpa kijana wa miaka 16 akalala nacho, lakini tuliwapa sehemu zake. Vita vya miaka 12, kuanzia 1980 hadi 1992, viliua watu wapatao 75,000 katika nchi ndogo kuliko mikoa mingi ya Tanzania. Lawama nyingi mno za tume ziliangukia jeshi, vyombo vya dola na vikosi vya mauaji vilivyoshirikiana navyo, na serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikipokea kutoka Marekani msaada wa kadiri ya dola milioni moja kwa siku. Desemba 1981 kikosi cha Atlacatl, kilichofunzwa na Wamarekani, kiliteketeza kijiji cha El Mozote na vitongoji vyake. Waliouawa walikuwa mamia kwa mamia, na wengi walikuwa watoto. Wataalamu walipofukua mabaki walikuta maganda ya risasi, na mengi yalikuwa na chapa ya kiwanda cha Lake City, Missouri.

Msichana mmoja aliinua mkono. "Missouri? Huko si kwa shangazi yangu?"

Hakuna aliyecheka. Nadhani hapo ndipo safari ilipoanza, tungali darasani, theluji ikianguka nje.

Tulitua mwezi Juni, msimu wa mvua. Uwanja wa ndege sasa unaitwa kwa jina la Askofu Mkuu Óscar Romero, na joto la pwani linakupokea mlangoni. Hatukwenda mjini moja kwa moja. Basi dogo lilitupeleka kwanza Santiago Nonualco, kwenye kikanisa kilichojengwa pale walipofukuliwa wale wanawake wanne. Wanafunzi walikuwa wamechoka, wengine hawajala. Nilidhani watanung'unika. Walishuka wakasimama, mvua ikawanyea, na yule mratibu akasoma majina manne basi. Hakuhubiri. Nilimshukuru kwa hilo.

San Salvador nitaipita haraka, maana kila msafara wa aina hii hupita palepale. Tuliona kikanisa cha hospitali ya wagonjwa wa saratani ya Divina Providencia, ambako Romero alipigwa risasi akiadhimisha misa tarehe 24 Machi 1980, siku moja baada ya kuwaamuru askari waache kuua ndugu zao. Tuliona kijumba chake: kitanda chembamba, mashine ya kuchapia, gari lake nje. Wanafunzi walipiga picha nyingi. Mmoja alitaka kujua Rais Carter alijibu nini ile barua ya Romero ya tarehe 17 Februari 1980, ya kumwomba asilipe jeshi silaha. Mwongozaji akajibu kwamba msaada uliendelea. Kijana aliandika maneno hayo mawili daftarini, akayapigia mstari.

Chuo kikuu cha Wajesuiti, UCA, kinanidai sentensi zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba 1989 askari wa Atlacatl waliingia wakawaua mapadre sita, akiwemo mkuu wa chuo, Ignacio Ellacuría. Watu husema "Wajesuiti sita" wakanyamaza hapo. Waliouawa walikuwa wanane. Elba Ramos, mpishi, na binti yake Celina mwenye miaka 16, walikuwa wameomba kulala chuoni kwa sababu ya milio ya risasi karibu na kwao. Palipolala miili ya mapadre sasa pana bustani ya waridi, na aliyeipanda ni Obdulio, mume wa Elba na baba wa Celina. Kati ya kumbukumbu zote za jiji lile, zikiwemo zenye marumaru na majina ya wachongaji mashuhuri, hii ndiyo iliyonigusa. Haikubuniwa na kamati. Mtunza bustani aliyefiwa alifanya anachokijua.

Wanafunzi wetu wengi wana umri wa Celina. Hatukuwaambia, walihesabu wenyewe.

Kutoka San Salvador barabara inakwenda kaskazini, inapita Aguilares, ambako Padre Rutilio Grande alikuwa paroko hadi alipouawa tarehe 12 Machi 1977 pamoja na mzee Manuel Solórzano na kijana Nelson Rutilio Lemus. Tulisimama El Paisnal, mahali walipozikwa wote watatu kanisani, tukala pupusa kando ya barabara, tukalipa kwa dola. Nchi hiyo imetumia dola ya Marekani tangu 2001, na vijana wetu, waliojiandaa kubadilisha fedha, walionekana kupungukiwa na jambo fulani la ugenini.

Kisha Chalatenango mjini, na makaburi ya umma. Maryknoll wana desturi ya kumzika mtu wao kati ya watu aliowatumikia. Miili ya Dorothy na Jean ilirudishwa Marekani. Ita na Maura wamelala hapo, kando ya mwenzao Carla Piette, aliyechukuliwa na mto uliofurika Agosti 1980, miezi michache kabla yao. Makaburi yao yamechanganyika na ya watu wa mji.

Mratibu aliniuliza kama ningependa kusema lolote. Sikuwa nimejiandaa. Nikawasimulia wanafunzi kwamba Oktoba 1970 Mwalimu Julius Nyerere, mtu wa Butiama, mwendo mfupi kutoka Musoma, alialikwa New York kuzungumza na masista wa Maryknoll. Rais Mkatoliki wa nchi maskini aliwaambia watawa wa nchi tajiri kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowatia watu katika umaskini na fedheha, halitakuwa na maana kwa watu hao. Sisemi kwamba Ita na Maura walikufa kwa sababu ya hotuba ya Mwalimu. Huo ungekuwa uzushi, na masista wale walikuwa na akili zao na Injili yao. Nilichotaka vijana wakisikie ni kwamba mafundisho haya hayakuwa yakisafiri upande mmoja. Na sisi tuliwahi kuwafundisha.

Kijiji tulichofikia sitakitaja. Tangu Machi 2022 nchi ile iko chini ya hali ya dharura iliyotangazwa kupambana na magenge; waliokamatwa ni zaidi ya 80,000, na watu wamejifunza kuchunga midomo. Katika nyumba moja nilisikia shukrani za kweli kutoka kwa mama mmoja: sasa mtoto anakwenda dukani jioni, hakuna anayewatoza kodi ya vitisho. Katika nyumba ya pili yake mama anapeleka kila mwezi kifurushi cha chakula na sabuni gerezani kwa kijana wake, na hajui kama kinamfikia. Wanawake hao wawili wanateka maji pamoja. Mwanafunzi wetu alitaka kujua nani kati yao yuko sahihi, nikamwambia andika yote mawili.

Mimi na wavulana wawili tulipewa chumba kwa mama mmoja mjane. Kabla hakujapambazuka alikuwa ameshaamka: mahindi yaliyochemshwa na chokaa jana yake yanaoshwa, yanapelekwa mashineni, yanarudi yakiwa donge, yanageuka tortila juu ya chungu bapa. Mahindi yana asili pande hizo za dunia. Wareno ndio walioyaleta kwetu. Nilimweleza, kupitia kijana mwenye Kihispania, kwamba sisi tunasonga ugali. Akauliza ganda tunalitoaje bila chokaa. Nikamweleza habari za kukoboa, na sembe nyeupe pepe. Alinitazama kwa huruma. "Kwa hiyo kilicho kizuri mnawapa kuku?" Sikuwa na la kumjibu.

Mmoja wa wale wavulana, mchezaji wa mpira wa Kimarekani mwenye mabega mapana, hakuweza kukaa bila kazi. Aliomba apewe chochote. Akapewa panga lililopinda ncha, akaenda na vijana wa nyumba kupalilia shamba lililoinama hadi unashangaa mbegu zilishikaje. Walimrudisha mapema. Alikuwa amekata mahindi kadhaa pamoja na magugu, na viganja vimechubuka. Jioni nzima alitaniwa, naye akacheka nao. Ni kazi pekee ya mikono iliyofanywa na msafara wetu, na iliingiza hasara.

Siku ya mzee wa mto ndiyo ninayoifikiria zaidi. Tuliketi kibarazani kwa kikanisa. Mkalimani wetu alikuwa msichana wa kidato cha mwisho, mtoto wa Wapuertoriko wa Cleveland. Mzee alianza kwa utulivu: tarehe 14 Mei 1980, watu waliokuwa wakikimbia operesheni ya jeshi walikusanyika Las Aradas, ukingoni mwa mto Sumpul, unaopakana na Honduras. Askari wa El Salvador na mgambo wao wakaja kwa nyuma. Waliovuka walikuta askari wa Honduras ng'ambo, wakasukumizwa majini. Tume ya Ukweli iliandika kwamba waliouawa si chini ya 300. Mzee alisema hakuhesabu, alikuwa akimtafuta mdogo wake.

Hapo msichana aliacha kutafsiri. Alifungua mdomo, sauti haikutoka. Mzee hakumhimiza. Alimsogezea kikombe cha maji, wakakaa. Kisha msichana akaendelea, kwa nafsi ya kwanza kama mzee alivyosema: nilikuwa namtafuta mdogo wangu. Sisi wengine wote tulikuwa tunasikia habari hiyo kwa sauti ya mtoto wetu.

Baadaye mvulana mmoja aliuliza swali la yule baba wa kikaoni, ingawa hakuwepo siku ile: mzee, sisi tumekuja kufanya nini hapa? Mzee alieleza habari za Mesa Grande, kambi ya wakimbizi nchini Honduras. Mwaka 1987, vita vikiwa bado vinaendelea, maelfu waliamua kurudi vijijini mwao, na pamoja nao walikuja watu wa makanisa kutoka nje, Wamarekani wakiwemo. Wageni hao hawakuleta mifuko ya unga. Walilala kwenye vijumba vyao na kupanda mabasi yao, kwa sababu askari walisita kupiga mbele ya mtu ambaye balozi wake angeuliza. "Tuliwahitaji wawepo, halafu wakirudi kwao waseme," alisema. "Ninyi hamna haja ya kutukinga na risasi. Lakini ile kazi ya pili bado ipo."

Hapo nilikumbuka jambo la nyumbani. Nikiwa shule ya msingi, wanafunzi kutoka Ulaya walikuja likizo moja kutupakia rangi madarasa. Walikuwa wachangamfu, walituimbia, walitufundisha nyimbo. Mafundi rangi wa mtaa wetu, waliokuwa wakipewa vibarua hivyo, walikaa chini ya mwembe wakiwatazama mabinti wakimwaga rangi sakafuni. Walipoondoka, mwalimu wa zamu aliwaita mafundi walewale warudie ukuta wa upande wa dirisha. Hakuna mzee wa kwetu aliyeulizwa chochote, na hakuna mgeni aliyejua kwa nini shule yetu haikuwa na fedha za rangi. Sitaki kuwadhihaki. Walikuwa watoto kama hawa wetu. Waliowatuma na waliowapokea, wote watu wazima, ndio waliokubaliana kwamba kupaka rangi kunatosha.

Nilipowasimulia wenyeji habari hiyo walicheka sana, na nikaelewa ile barua ya masharti ilitoka wapi. Nao waliwahi kupakwa rangi.

Waliniuliza zaidi kuhusu kwetu. Hasa walitaka kujua kuhusu dhahabu. Mwaka 2014 watu wa San José Las Flores walipiga kura ya kijiji kukataa machimbo, manispaa jirani zikafuata, na Machi 2017 bunge likapiga marufuku uchimbaji wa madini yote ya metali, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Desemba 2024 bunge jipya liliifuta sheria hiyo. Maaskofu wameipinga hatua hiyo waziwazi, na vijijini hakuna mazungumzo yanayomalizika bila kuutaja mto Lempa, unaonywesha sehemu kubwa ya nchi. Mama mwenyeji wangu aliuliza: mkoa wenu mna mgodi? Nikamtajia Nyamongo. Akauliza maji yakoje. Akauliza ardhi ya watu ilikwendaje, na vijana wa pale wanafanya kazi gani. Yalikuwa maswali ya mtu anayefanya hesabu. Nilimjibu nilichojua, kwamba wapo waliojenga nyumba kwa mshahara wa mgodi na wapo wanaolalamikia maji na fidia hadi leo. Aliyabeba majibu hayo hadi kwenye mkutano wa kijiji jioni, nikaitwa nirudie mbele ya watu wote. Nilisafiri kama mlezi wa watoto wa Kimarekani. Jioni ile nilikuwa shahidi wa Mara.

Siku ya kuondoka kamati ya kijiji ilitupa maombi, si zawadi. La kwanza, wanafunzi waandike kwa wabunge wao wa Ohio kuhusu maji ya Lempa na kampuni zitakazokuja kuomba vibali. La pili lilitushika zaidi: vijana wao nao waje Cleveland, walale kwetu, waone viwanda vilivyofungwa na foleni za chakula cha msaada, waulize maswali yao.

Barua zimeandikwa, mbunge mmoja amejibu kwa karatasi iliyochapwa tayari. Ombi la pili ni gumu. Kuomba tu viza ya matembezi ya Marekani ni dola 185, na ukikataliwa hazirudi. Wanafunzi wetu wanaingia na pasipoti zao bila kuulizwa wana shamba au akaunti benki. Shule imekubali kwamba sehemu ya mchango wa kila msafara iwekwe kando kwa ajili ya wageni hao, na yule baba wa kikaoni ndiye mtunza hazina.

Nawaandikia hasa ninyi mnaopokea misafara ya namna hii kila Julai, Mara, Kilimanjaro, Iringa, au Mukuru pale Nairobi. Andikeni masharti yenu kabla hawajakata tiketi. Waketisheni na wazee wenu, wapeni majembe kama wanataka kuchubuka, muwaeleze nchi zao zina mkono gani katika hali yenu, nzuri na mbaya. Na kabla hawajapanda basi la kurudi, waulizeni, mbele ya walimu wao, zamu ya watoto wetu ni lini.